Okidi Iliyolegea Mbeya: Magome, Kuvumwani, Kifuniko au Glasi ya Maji?

Majani ya okidi yakilegea, mkono wa mwenye nyumba hukimbilia kopo la maji. Nami nilifanya hivyo mwaka wa kwanza nilipopandisha falenopsisi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, nikiwa nimeipakata ndani ya basi safari nzima. Nilikuwa nikiinywesha mara tatu kwa wiki, tena mwezi Julai, mpaka siku niliposhika majani ili kuugeuza mmea nao ukang'oka wenyewe chunguni kama kijiko kinavyotoka kwenye uji, bila mzizi hata mmoja wa kuushikilia.

Tangu hapo nimejaribu njia nne za kuifufua okidi iliyopoteza mizizi, nyingine kwa mimea yangu na nyingine kwa mimea ya majirani, na hapa chini nazilinganisha kwa ajili ya msomaji anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu. Falenopsisi ndiyo okidi ya ndani inayopatikana kwa urahisi zaidi, ile yenye maua mapana kama mabawa ya nondo, na ndiyo ninayoizungumzia. Niseme mapema kwamba sijapata njia moja inayozishinda nyingine kila mahali. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: idadi ya mizizi iliyo hai na mwezi unaoonekana kwenye kalenda. Watu wengi huuliza la kwanza wakasahau la pili, na huku kwetu la pili ndilo linaloua.

Kuoza na kiu, sura moja

Falenopsisi ina tabia ya kutatanisha: magonjwa yake mawili yanayopingana huonyesha sura moja. Mmea uliokosa maji hulegeza majani, nayo hujikunja kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini kwa muda mrefu. Mmea uliozidishiwa maji nao hulegea na kujikunja vilevile, kwa kuwa mizizi iliyooza haiwezi kunyonya, hivyo majani hufa kwa kiu huku chungu kikiwa kimelowa. Anayetazama majani peke yake hana namna ya kutofautisha. Kuinua chungu humsaidia kidogo, kwa maana chungu kizito chenye majani yaliyolegea huashiria kuoza, na chungu chepesi ambacho vipande vyake vinacheza ukikitikisa huashiria kiu. Hata hivyo, uthibitisho ni kuutoa mmea na kuitazama mizizi yake.

Mzizi ulio hai ni mgumu ukiuminya kwa vidole viwili. Ukiwa mkavu huwa na rangi ya fedha, na ukilowanishwa hugeuka kijani ndani ya dakika chache, kwa sababu umevikwa utando wa seli tupu zinazofyonza maji kama sponji na kuuacha ukijani wa ndani uonekane. Mizizi iliyokulia katikati ya chungu pasipo mwanga inaweza kuwa ya manjano au ya kahawia iliyofifia na bado ikawa mizima. Mtu asiikate kwa kuiogopa rangi, aiminye kwanza. Mzizi uliooza ni laini, hutoa maji ya kahawia, na ukiuvuta, utando wake huvuka kama soksi na kuacha uzi mwembamba katikati. Mzizi uliokufa kwa kiu nao ni bapa na mwepesi kama unyasi, wala haugeuki kijani hata ukiloweka kwa saa nzima.

Ikiwa shida ni kiu na mizizi mingi bado ni migumu, matibabu ni mepesi. Chungu kitumbukizwe katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa hivi, maji yasifike kwenye majani, kisha kichujwe mpaka kiache kudondoka. Zoezi hilo lirudiwe kila vipande vinapokaribia kukauka. Majani hurudisha uimara wake taratibu, ingawa yaliyojikunja sana hubaki na mikunjo. Mwenye mmea wa namna hiyo hahitaji njia yoyote kati ya nne zinazofuata, na akizijaribu anaweza kujiletea ugonjwa wa pili.

Zipo pia okidi zinazodhaniwa kuwa wagonjwa ilhali ni nzima. Jani moja la chini kabisa kugeuka manjano ni uzee wa kawaida, na maua kuanguka yote baada ya miezi miwili au mitatu ndiyo desturi yake. Nimewahi kuiokota okidi nzima kabisa kwenye rundo la takataka nyuma ya nyumba, mwenyewe akiwa ameitupa kwa kuwa maua yameisha.

Ugonjwa usio na mjadala ni ule unaoanzia katikati, pale majani machanga yanapochomoza. Falenopsisi hukua kwa ncha moja tu, ikielekea juu. Maji yakituama hapo usiku wa baridi, moyo huoza, jani changa huwa jeusi na ukilivuta linatoka bila kubisha. Mmea wenye moyo uliokufa lakini mizizi mizuri wakati mwingine huchipua mtoto ubavuni mwa shina, kwa hiyo inafaa kuungoja. Uliopoteza moyo na mizizi pamoja, mimi huutupa.

Kwa nini ushauri wa pwani unatuponza

Asili ya falenopsisi ni misitu yenye joto ya Asia, zikiwemo Ufilipino na Indonesia, ambako huishi juu ya mashina ya miti na mizizi yake ikining'inia hewani. Mvua huilowesha mara kwa mara, nao upepo wenye joto huikausha upesi. Haina kiazi wala kifundo cha kuhifadhia maji. Akiba yake yote iko ndani ya majani manene na mizizi.

Hapa wenyeji wa nyanda za juu hujichanganya, kwa sababu okidi tulizozaliwa nazo ni za namna nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, ina aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Hizo huchanua wakati wa mvua, kisha kiangazi majani yake hunyauka na uhai hubaki kwenye kiazi chini ya udongo. Ndicho kiazi kinachochimbwa na kuvushwa mpaka Zambia ili kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo umezipunguza sana. Hazifai kung'olewa kwa ajili ya sebule, na mazoea yake hayafai kuigwa: okidi ya Kitulo iliyonyauka mwezi Juni imelala, ilhali falenopsisi iliyonyauka mwezi huohuo inakufa.

Falenopsisi hustawi usiku usiposhuka chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na usiku wa Juni na Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10 bila kushangaza mtu. Nyumba zetu nyingi hazina kipasha joto. Katika ubaridi huo mizizi hunywa kidogo sana, na chungu ambacho Dar es Salaam kingekauka kwa siku tatu au nne, Mbeya kinaweza kukaa na unyevu kwa siku kumi na zaidi. Anayenywesha kwa kuhesabu siku, kama alivyoelekezwa na muuzaji wa pwani, anaongeza maji juu ya maji.

Tusilaumu mwinuko kwa kila kitu, lakini. Okidi iliyo nzima inahitaji majuma kadhaa ya usiku wenye ubaridi wa wastani, nyuzi 15 hadi 18 hivi, ndipo itoe kikonyo cha maua, na wakazi wa huku huupata ubaridi huo bure mvua zinapokatika, wakati ambapo mtu wa pwani huutafuta kwa kiyoyozi.

Kabla ya njia yoyote: mkasi

Njia zote nne huanzia mahali pamoja. Mkasi upitishwe kwenye mwali wa moto, uachwe upoe, kisha kila mzizi laini ukatwe mpaka ifike sehemu ngumu. Vidonda vya mkato vipakwe unga wa mdalasini kidogo, hapo kwenye mkato tu, kwa sababu mdalasini hukausha na ukiumwagia mzizi mzima utauua. Mmea ulazwe kivulini mpaka kesho yake ili vidonda vikauke.

Kikonyo cha maua nacho kikatwe. Hapo ndipo ubishi huanza. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinijia jioni moja ameikumbatia okidi yake ndani ya kanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Mmea ulikuwa na majani manne yaliyolegea, mzizi mmoja mgumu, na maua matano yaliyofunguka vizuri. Nilipomwambia kwamba maua hayo yanakula akiba ya mwisho ya majani, alinitazama kama niliyemtukana. "Haya matano nimeyasubiri mwaka mzima, ndiyo unataka uyakate?" Tuliyakata hatimaye, akayaweka kwenye glasi mezani pake, na yakadumu majuma mawili na ushei. Mmea wake nitaurudia.

Magome na mkaa

Hii ndiyo njia ninayoipendelea, na sisi wa kusini tumebahatika nayo. Mafinga, wilayani Mufindi, ndipo lilipo shamba la miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini, na panapochanwa mbao za misindano hapakosi magome. Yanayofaa ni yaliyokaa muda mrefu, makavu, yasiyonata utomvu. Huvunjwa vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole gumba, huchemshwa ili kuua wadudu, halafu hulowekwa usiku kucha, kwa maana gome kavu huyakataa maji na kuyaacha yapite pembeni. Mimi huchanganya mafungu manne ya magome na fungu moja la mkaa uliooshwa vumbi lake. Huko Njombe mtu anaweza kushawishika kuokota magome ya miwati. Hayo yana tanini nyingi kiasi cha kutumika kulainisha ngozi viwandani, na mimi nisingeyaweka karibu na mzizi uliojeruhiwa.

Kopo la plastiki angavu, lililotobolewa chini na ubavuni, linafaa kuliko chungu cha udongo cha kuvutia macho, kwa kuwa mizizi na unyevu vyote huonekana bila kufukua. Lisiwe kubwa. Liitoshe mizizi iliyobaki na nafasi ya kidole tu, kwani magome yasiyo na mzizi wa kuyanyonya hukaa na maji bure.

Sifa kuu ya magome ni kwamba yanamsamehe mtu mwenye mkono mzito. Hewa hupita, maji ya ziada huchuruzika, na hata usiku wa Julai hayafanyi dimbwi. Kasoro yake ni kinyume cha sifa hiyo: mmea wenye mzizi mmoja au miwili hauwezi kupata maji ya kutosha katika vipande vinavyokauka hivyo, hasa Agosti na Septemba, upepo mkavu unapopuliza. Kwa hiyo magome ni ya mmea uliobaki na mizizi mitatu au zaidi yenye urefu wa kidole. Kwa mmea wa namna hiyo sioni sababu ya kutafuta kingine, uwe Mbeya, Iringa au Tukuyu, iwe masika au kipupwe. Kinachobadilika ni maji tu: msimu wa baridi mimi hungoja mpaka mizizi inayoonekana ubavuni iwe na rangi ya fedha, kisha naongeza siku moja au mbili, na natumia maji ya uvuguvugu asubuhi, kamwe si jioni.

Kuvumwani

Kuvumwani ni ile mimea midogo laini inayofunika magogo yenye unyevu. Inayouzwa kwa ajili ya okidi ni aina yenye nyuzi ndefu, iliyokaushwa na kufungwa kwenye pakiti, na ina uwezo wa kushika maji mara nyingi kuliko uzito wake. Inayookotwa msituni si ile ile: huoza mapema, huja na konokono, na kuichukua ndani ya hifadhi, kama msitu wa Mlima Rungwe, ni kosa. Nyuzi za makumbi ya nazi huweza kushika nafasi yake, mradi zilowekwe na kusuuzwa mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu huwa na chumvi.

Ikilinganishwa na magome, kuvumwani huwapa maji wasio na mizizi ya kutosha. Mzizi mmoja uliozungukwa na unyevu wa kadiri hunywa mfululizo, na ncha mpya hutokea mapema kuliko kwenye magome. Lakini nyenzo hii haina huruma. Inapaswa kulowanishwa, ikaminywa kwa mkono mpaka isidondoshe hata tone, kisha ikazungushwa mizizi bila kushindiliwa. Akiishindilia au akiimwagia maji ikiwa bado nyevu, mwenye mmea ameutengenezea mzizi kaburi. Nimeitumia kwa mafanikio kati ya Oktoba na Aprili. Katika Juni na Julai ya Mbeya iliozesha mmea wangu wa pili kwa majuma matatu, na kwa Njombe nisingethubutu. Iringa, ambako hewa ni kavu zaidi, huivumilia kwa muda mrefu kidogo wa mwaka. Tukuyu, ambako mvua ni nyingi mno na hewa haikauki, haina haja nayo.

Kifuniko

Mmea usio na mzizi hata mmoja hauponi kwa kunyweshwa, kwa kuwa hauna mdomo. Unachoweza kufanyiwa ni kuzuiwa usipoteze akiba iliyobaki kwenye majani. Falenopsisi hufungua vinyweleo vya majani usiku na kuvifunga mchana, na ikizungukwa na hewa yenye unyevu mwingi hupoteza maji kidogo sana, hivyo hupata muda wa kuotesha mzizi mpya kwa kutumia kilichomo ndani yake.

Maelekezo mengi husema uutie mmea ndani ya mfuko wa plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, wala haikosekani mbadala: chupa angavu ya maji ya lita 5 au zaidi, ikikatwa kitako, ni kifuniko bora kuliko mfuko, kwa maana husimama yenyewe na ina mdomo wa kufungua kwa ajili ya hewa. Chini ya kifuniko huwekwa sahani yenye kuvumwani au makumbi yaliyominywa, na mmea hukalishwa juu ya vijiti, shina lisiguse unyevu. Kizibo kifunguliwe kwa dakika chache kila baada ya siku moja. Jua la moja kwa moja lisiguse kifuniko, kwa sababu ndani yake patageuka tanuri kabla ya saa sita mchana.

Kifuniko bila joto ni hewa nyevu yenye baridi, na hewa ya namna hiyo hulea ukungu tu. Kinahitaji nyuzi 20 hadi 25 hivi, ambazo mwezi Julai hazipatikani dirishani usiku. Nimeona juu ya friji, upande wa nyuma ambako vuguvugu hupanda, pakifaa, ikiwa pana mwanga wa kutosha. Jiko la mkaa lisitumike kamwe kupasha chumba kilichofungwa kwa ajili ya mmea. Moshi wake usioonekana huua watu, achilia mbali okidi. Asiye na sehemu ya vuguvugu na akagundua kuoza mwezi Juni, afunike hivyo hivyo lakini apunguze unyevu wa sahani na atazame ukungu kila siku, huku akijua kwamba mzizi huenda usionekane mpaka Septemba.

Kati ya njia zote hii ndiyo ya polepole zaidi. Miezi miwili ni bahati njema, minne ni kawaida, na mimea mingine huishiwa akiba kabla ya kuotesha chochote. Naipendekeza kwa mmea usio na mizizi ambao moyo wake ni mzima na una angalau majani mawili manene.

Glasi ya maji

Njia hii inapendwa kwa kuwa inapendeza: mmea juu ya glasi, mizizi ikionekana, hakuna uchafu. Hutumika kwa namna mbili. Ama ncha za mizizi huachwa ndani ya maji muda wote, ama huzamishwa siku mbili na kukaushwa siku tano. Namna ya pili ni salama zaidi. Shina lisiguse maji kwa vyovyote, na maji yabadilishwe kila wiki.

Sina uhasama nayo, ila nimeijaribu mara mbili tu na matokeo yalikuwa kinyume. Mmea nilioweka Novemba ulitoa mzizi kabla ya Krismasi. Nilioweka Juni ulikaa miezi mitatu bila kusogea, kisha shina likaoza. Sababu haikujificha: maji ndani ya glasi huchukua ubaridi wa usiku na kukaa nao mpaka adhuhuri, ilhali magome yenye hewa huachana nao mapema. Isitoshe, mizizi iliyokulia kwenye magome mara nyingi hufa ikihamishiwa majini, na mmea hulazimika kuotesha mingine inayozoea hali hiyo, gharama ambayo mgonjwa hana. Ninaiweka ya mwisho katika orodha, na kwa Njombe naiondoa kabisa. Kuna wanaoifunga okidi kwenye kipande cha gogo pia. Hiyo ni ya mmea mzima, katika hewa ya Tukuyu.

Nani achague nini

Mtu aliyebaki na mizizi mitatu au zaidi achague magome, mwezi wowote. Mwenye mzizi mmoja au miwili aangalie kalenda: kuanzia Oktoba hadi Aprili atumie kuvumwani iliyominywa, na kuanzia Mei hadi Septemba atumie magome madogo zaidi, yenye ukubwa wa punje za mahindi, na kopo zima liwe ndani ya kifuniko kilichoachwa wazi juu. Mchanganyiko huo wa pili sikuusoma popote, niliufikia kwa kushindwa, na ndio niliompa Mwalimu. Asiye na mzizi atumie kifuniko, na atafute vuguvugu kabla ya kutafuta chupa. Glasi aitumie aliyeko mahali penye joto au anayetaka watoto waone mzizi unavyoota.

Kwa njia zote, mahali pa kuweka mmea pana uzito sawa na kilicho chunguni. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, hivyo katikati ya mwaka jua huelekea kaskazini na dirisha la upande huo hupokea miale yake ya moja kwa moja pamoja na joto linalohitajika. Pazia jepesi linatosha kulichuja. Desemba jua huhamia kusini mwa utosi, na dirisha lililokuwa kivulini huanza kuchoma. Mmea uliokuwa salama Juni unaweza kuungua Desemba bila mtu kuusogeza hata shubiri moja. Dirisha la mashariki halina mizunguko hiyo, ndiyo maana nalipendelea.

Mbolea isitiwe mpaka mzizi mpya ufikie sentimita tatu au nne. Baada ya hapo mbolea ya kuyeyuka yenye virutubisho vyote, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, inatosha kila baada ya majuma mawili. Urea iliyobaki kwenye kiroba cha mahindi si mbadala. Na kwa wale ambao okidi zao zimeshapona na kutoa vitumba, mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu au parachichi zinazoiva zisikae chumba kimoja nazo, kwa kuwa matunda yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, na vitumba vya falenopsisi hukunjamana na kudondoka kabla ya kufunguka. Nilipoteza kikonyo kizima hivyo, nikidhani ni baridi, kumbe ni ndizi zilizokuwa juu ya kabati.

Mmea wa Mwalimu ulifunikwa mwishoni mwa Mei. Juni na Julai haukuonyesha chochote, na mara mbili alinipigia simu akisema anautupa. Katikati ya Septemba aliniita nikaona, chini ya jani la pili, kinundu cha kijani chenye ncha ya zambarau, kikubwa kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilimwambia asiondoe kifuniko siku hiyo, bali akiinue kwa saa moja asubuhi wiki ya kwanza, saa tatu wiki ya pili, na akiache nje kabisa mzizi utakapokuwa umeingia kwenye magome.

"Na maji?" akauliza, kopo tayari mkononi.

"Bado, Mwalimu. Uinue kwanza."

Akaliinua kopo la okidi, akalipima kwa mkono mmoja kama anayepima kitunguu sokoni, akalirudisha dirishani, na maji aliyokuwa nayo akamwagia mchicha.